Chokaa Sio Chokaa

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na hao wasichana wako mia mbili wa bwenini, ambao najua hawakupi hata nafasi ya kumaliza kikombe cha chai. Sisi huku tunajikongoja. Watu wa msibani wametawanyika, viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe, na mimi nimerudi kazini, tunapaka rangi jengo la ghorofa nne ambalo halina hata ngazi ya kueleweka. Siku ya maziko ya baba tulikutazamia mpaka dakika ya mwisho. Nikasema labda ni barabara, labda shule haikukupa ruhusa. Sikulaumu, nakuarifu tu.

Vyumba viwili vya baba, mwenye nyumba anavitaka mwisho wa mwezi. Vifaa vyake vya kutengenezea saa nimevifunga kwenye sanduku. Vyombo vya jikoni nimemwachia mama mshonaji wa chumba cha jirani, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Nikabaki na mapazia. Navuta pazia la dirishani nilitoe, na pazia likanitazama.

Ni yule kinyonga wake. Mama mshonaji alipiga kelele akakimbilia nje, nami nilibaki kwa aibu tu, maana miguu ilishatangulia. Nimemhamishia chumbani kwangu ndani ya katoni ya makopo ya rangi. Nimempa jina la Mpangaji, kwa sababu anakaa, hasemi, na haondoki.

Shangazi, hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Leo ni siku ya tano hali wala hanywi. Nimemwekea bakuli la maji, safi kabisa, hata halitazami. Nimemwekea makombo ya mkate. Nimemwekea kipande cha nyama. Macho yake yamezama ndani, na rangi imekuwa kama masizi. Mimi, kama ujuavyo, nilikuwa naingia kwa baba kila Jumapili, lakini sikutilia maanani alivyokuwa akimlisha. Wewe ulifanya kazi miaka yote ile kwenye chumba cha viumbe pale chuoni, na baba alisema wewe ndiye uliyempa.

Kila kitu cha baba kimegawiwa au kimetupwa. Huyu ndiye peke yake anayepumua. Akinifia mikononi sijui nitajiambia nini. Jibu upesi.

Mwanao.


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imeingia leo mchana, nami nakujibu nimesimama, juu ya meza ya kukunjia mashuka. Mimi mzima ila magoti. Wasichana wanakohoa wote kwa zamu, na simu ya shule imekatika tangu mvua ya kwanza, fundi anatuambia kesho kila siku. Mama mshonaji mpe salamu, mwambie Mungu amlipe.

Kwanza, ondoa hilo bakuli. Kinyonga hajui maji yaliyotulia kama ni maji. Anakufa kiu huku bakuli limejaa mbele yake. Anachokijua ni tone linalong'aa kwenye jani. Tafuta kichupa cha kunyunyizia, kipya, kisiwe kimewahi kutiwa dawa wala rangi, umnyunyizie majani asubuhi na jioni, dakika kadhaa, taratibu, mpaka umwone anameza. Kopo lililotobolewa kwa sindano ukalining'iniza juu likadondosha ni bora zaidi. Macho kuzama ni kiu hiyo. Akijisaidia, ile sehemu nyeupe ikiwa ya njano kama chungwa, bado ana kiu.

Mtoe kwenye katoni. Mtengenezee kizimba kirefu cha kwenda juu, cha wavu wa waya, chenye matawi mabichi ya kupanda. Jua la asubuhi alipate moja kwa moja, siyo la kupitia kioo, maana kioo hulinyang'anya nguvu yake. Mwachie na kivuli cha kukimbilia. Kama ni taa, iwe mbali naye urefu wa mkono hadi kiwiko, asije akajichoma, na giza likiingia izime. Kioo cha kujitazamia usimwekee, atadhani ana adui.

Makombo ya mkate ule wewe. Yeye hula wadudu walio hai: nyenje, panzi, mende wadogo, wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Asiowamaliza watoe, wasije wakamng'ata akiwa amelala. Na usisahau kuwapaka chokaa hao wadudu kabla ya kumpa, mara mbili au tatu kwa wiki, kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi. Bila chokaa hataishi.

Usimkamate kwa juu kama unachuma embe. Weka mkono mbele yake, apande mwenyewe akitaka, asipotaka heshimu. Na wewe na rangi zako, vua nguo za kazi mlangoni. Hiyo harufu ya tapentaini itamuua.

Halafu jina lake ni Pole. Kwani baba yako hakuwa akimwita mbele yako? Siku zote alikuwa akisema naye.

Habari za msibani tuziache. Niandikie amekunywa.

Shangazi yako.


1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo tena, na mara hii kwa furaha. Amekunywa! Nadhani matone ya paa langu linalovuja ndiyo yaliyomshikilia mpaka barua yako ikafika. Nilinyunyiza kama ulivyosema, nikaona nimelowesha ukuta bure, mara jicho moja likageuka, lile jingine likabaki kunilinda mimi, akasogea hatua moja, akarudi nusu, akasogea. Akalamba jani. Akameza na kichwa juu. Nilikaa chini sakafuni, Shangazi, nikacheka peke yangu mpaka mama mshonaji, aliyekuwa amekuja kunijulia hali, akagonga mlango kuuliza kama nimepata ugonjwa. Akija kwangu bado hapiti karibu na dirisha. Anazunguka nyuma ya choo.

Kizimba nimekitengeneza kwa mbao za jukwaa lililovunjika. Sasa kila saa ya mapumziko nipo kwenye majani nyuma ya jengo, na wenzangu wananipigia kelele kutoka juu: "Fundi, umeacha brashi siku hizi unachunga panzi?" Wacheke. Jana amewalenga wanne, ulimi unatoka kama utepe wa kupimia. Macho yamerudi nje. Rangi yake asubuhi ni kijani kabisa.

Jina Pole baba alilitaja, nilisahau tu, si unajua mambo ya msiba. Ila linanipa shida. Watu bado wananikuta njiani wakiniambia pole, nami nageuka kumtafuta.

Hiyo ya kuwapaka wadudu chokaa sikuielewa vizuri, lakini mimi ni nani wa kumfundisha kazi mwenye kazi. Chokaa isikusumbue, kazini ninayo mifuko kumi na miwili. Nitaanza Jumatatu.

Nina swali moja. Daktari alituambia mapafu ya baba yalikuwa yameharibika muda mrefu. Mimi niliambiwa ni kikohozi. Wewe ulikuwa umesikia lolote?

Mwanao, mchunga panzi.


Telegramu, 12 Aprili

CHOKAA SIO CHOKAA. USIMPE. MWOSHE MDOMO. BARUA YAJA. SHANGAZI


12 Aprili

Mwanangu,

Salamu utanisamehe leo. Nimetoka posta mbio na viatu vya ndani. Karani aliniuliza mara mbili kama nina hakika na maneno yale, nikamwambia andika.

Chokaa niliyosema siyo chokaa ya ukutani. Ni unga mweupe wa dawa, wa kutia nguvu mifupa, unaouzwa duka la dawa. Baba yako alipouona mara ya kwanza alisema, "Hii si chokaa tu hii?" Tukacheka, na tangu siku hiyo nyumbani kwake haikuitwa kitu kingine. Hata aliliandika kopo lake kwa mkono wake: CHOKAA. Lilikuwa juu ya kabati la jikoni, kopo la maziwa la bluu. Mtu aliyeingia chumba kile Jumapili moja tu, akamwona akimlisha, angejua.

Sasa najiuliza ulikuwa ukiingia wapi. Baba yako aliniandikia kila mwezi, "Mwanangu huja kila Jumapili, tunakula pamoja, anamcheka Pole." Na wewe umeniandikia hivyo hivyo. Ndiyo maana niliandika neno lile bila kulieleza, nikijua naongea na mtu wa nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Hukuwa unakwenda.

Chokaa yako inachoma. Kama umeshampa, utamwona anakaa mdomo wazi, anatoa mate, ulimi hautoki. Mwoshe mdomo kwa maji safi ya kunyunyiza, kwa upole, mara nyingi, asipaliwe, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama atakucheka. Kama hukumpa, mshukuru Mungu, na uende duka la dawa leo hii uulize unga wa kutia mifupa nguvu, ule mtupu, usiochanganywa na kitu, au utafute lile kopo. Asikose, maana bila huo unga mifupa yake itakuwa kama mpira.

Leo ni siku ya sita tangu Jumatatu uliyoniandikia. Nahesabu.

Shangazi yako.


5 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Kikohozi kimeisha bwenini, zimeanza chawa. Simu imerudi siku mbili ikafa tena. Nilipiga ofisini kwenu, karani wenu akasema upo kazini, juu ya jukwaa, huwezi kushuka. Nikamwambia ni shangazi yako. Akaenda, akarudi, akasema hawezi kushuka.

Basi najua u hai. Sijui mwenzako.

Kila lori la barua likija nasimama getini kama wasichana wenye wachumba. Jana nilikuta kinyonga kwenye ua wa shule, wa kawaida tu, mtoto. Wasichana walikuwa wakimrushia mawe. Niliwafukuza kwa fagio, kisha nikasimama pale nikimtazama mdomo, kama umefunga vizuri. Mwalimu mkuu alipita akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kama amekufa, niandikie amekufa. Neno moja, hata kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Ni mkono wangu ulioandika chokaa, siyo wako. Nilikukaripia kwa hofu, na nilipoipeleka ile barua nilijua nimekuumiza, lakini sanduku la posta halirudishi.

Unywe maji na wewe.

Shangazi yako.


26 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi magoti yameongezeka na usingizi umepungua.

Uliniuliza swali tarehe moja Aprili, na nililiruka. Sikuliruka kwa sababu ya haraka ya chokaa. Niliona chokaa imenipa mlango wa kutokea, nikatoka.

Nilijua. Baba yako alipotoka hospitali mwaka juzi na majibu, mimi ndiye niliyekuwa naye. Daktari alisema ni mwaka, labda mmoja na nusu. Tulipofika nje, kwenye benchi la wagonjwa, alinishika mkono akasema, "Dada, mwanangu asijue. Akijua ataacha kazi akae ananitazama ninavyokufa, na mimi nitakuwa namtazama ananitazama." Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kitamuumbua akiwa hayupo. Unajua alivyokuwa na mzaha. Nikaapa.

Pole nilimpelekea wiki ile ile. Chumba cha viumbe kilikuwa kinafungwa, nami nilikuwa nahamia huku shuleni. Nilijua kaka yangu akiwa peke yake ataacha kuamka. Nilitaka awepo mtu mmoja mle ndani ambaye asipoamkiwa asubuhi hanywi. Aliamka mwaka mmoja na miezi minne, kwa ajili ya majani tu.

Siku ya maziko nilikuwa nimeshafunga begi. Nilikaa kitandani na viatu mguuni mpaka basi likaondoka. Nilijua utanijia, utaniuliza nilijua lini, na mimi uso wangu haujui kudanganya. Kwa hiyo sikuuleta. Sikumzika kaka yangu kwa sababu nilikuogopa wewe. Nimeshasema.

Halafu yule mmoja niliyemwachia kaka yangu nimemuua kwa neno moja. Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniambie alikufa siku gani.

Shangazi yako.


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Hajafa.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua umesimama getini. Lakini usifurahi haraka, soma mpaka mwisho.

Ile Jumatatu nilichota chokaa kazini, konzi moja, nikaifunga kwenye karatasi. Nyumbani nikamtia panzi kwenye chupa, nikamnyunyizia. Kiganja changu kilikuwa kimechanwa na ngazi, kikaanza kuwaka moto. Nimeishika chokaa miaka kumi na moja, Shangazi, naijua inavyokula ngozi. Nikamtazama yule panzi, miguu ilikuwa juu. Nikasema, huyu mama hakuja kumzika kaka yake, na sasa anataka tumzike na huyu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, sikufichi. Nikaitupa yote chooni.

Telegramu yako ikaja. Nikaisoma, chokaa sio chokaa, nikadhani umechanganyikiwa au unanicheza. Ndipo barua ikaja. Niliisoma pale pale ofisini mpaka uliposema sikuwa nakwenda kwa baba. Hapo niliikunja, nikaitia chini ya makopo ya rangi. Hiyo dawa uliyoiandika chini ya maneno yale sikuiona. Ningesoma mistari sita zaidi ningeiona. Siku uliyopiga simu nilikuwa kwenye ngazi ya kwanza, kimo cha meza. Ningeweza kushuka.

Zile mbili zilizofuata sikuzifungua. Ila Pole nilimhudumia, nakuapia. Maji asubuhi na jioni, panzi, matawi mapya kila wiki. Nikajiona mjuzi. Mvua zikanyesha mwezi mzima, jua hakuna. Nikaona mkono wake wa kushoto unapinda anapopanda, nikasema ni uzee. Jumanne alilenga panzi, ulimi ukatoka nusu ukaning'inia. Alipojaribu kushika tawi akaanguka, akabaki chini amefumba macho mchana.

Nilitoa barua zako zote nikazisoma kwa mkupuo, nimepiga magoti. Kisha nikambeba kwenye kofia kwa daktari wa mifugo. Akaniambia, "Mimi nimezoea ng'ombe, bwana," lakini akamgusa taya kwa kidole kidogo, taratibu kabisa, akasema mifupa imelainika. Akauliza kama nilikuwa nampa unga. Nikasema nilikuwa na shangazi aliyeniambia.

Duka la dawa walikuwa wameishiwa. Nikaenda kwa mama mshonaji kuuliza lile kopo la bluu. Alikuwa nalo juu ya rafu, kalifunika na bakuli. "Nilidhani la ukutani," akasema, "nikaliweka mbali nisije nikalitia kwenye mboga." Ni mwandiko wa baba, zile herufi zake ndogo za fundi wa saa. Sasa namlisha kwa kibano chake cha saa, mdomoni mwenyewe, na unga kidogo. Daktari amempa na dawa ya matone. Amesema mkono hautanyooka tena, ila akiweza kupitisha mwezi huu ataishi. Leo siku ya tano. Asubuhi alifungua jicho moja.

Kuhusu mambo ya hospitali. Ulijua, na mimi sikujua. Nimekasirika, sitaki kukudanganya, na sijamaliza kukasirika. Lakini nitakukasirikiaje vizuri, wakati mwaka mzima uliopita sikuingia kwake hata mara moja? Hatukugombana. Nilikuwa nasema wiki ijayo. Siku moja nilipita chini ya dirisha lake saa kumi na moja jioni nikaona pazia wazi, nikasema nguo zangu zimejaa rangi, nitakuja nikiwa safi. Na yeye alikuwa anakuandikia kwamba tunakula pamoja. Nilipousoma huo mstari nilitamani angeniandikia matusi.

Kuna jambo halinipi amani. Mwezi wa kumi mwaka jana baba alituma ujumbe ofisini kwetu. Karani aliniletea kwenye kikaratasi: "Baba yako anasema ukija umletee chokaa kidogo." Nilichukia. Nikasema mzee huyu na ukuta wake, mvua hii anataka kupaka rangi? Nikachota nusu mfuko, nikampa dereva wa lori ampelekee. Sikwenda. Nilipohamisha vitu nilikuta ule mfuko nyuma ya mlango, haujafunguliwa fundo. Sasa nimesoma barua yako nikasema basi, alikuwa ameishiwa unga wa Pole, nami nikampelekea sumu. Lakini kopo, Shangazi, nimelifungua mwenyewe, mpaka leo limejaa zaidi ya nusu. Na mwandiko wako upo chini yake, umeandika tarehe uliyolijaza, mwezi wa tisa.

Mwezi wa kumi alikuwa na kopo zima. Chokaa aliitakia nini?

Mwanao.


27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nilipewa getini nikaisomea pale pale, na nilipofika kwenye neno hajafa niliketi juu ya ndoo ya takataka. Wasichana wakadhani nimeanguka.

Endelea na kibano. Wadudu wawe wadogo na laini, usimsukumizie mdomoni, mguse pembe ya taya asubiri afungue mwenyewe. Matawi yateremshe chini, na sakafu ya kizimba uitandike kitambaa, akianguka asiumie. Jua likitoka hata robo saa, mtoe.

Swali lako nimelala nalo siku tatu. Ningeweza kukujibu sijui. Lakini niliwahi kuficha jambo moja kwa kupenda, na umeona lilikotufikisha.

Nimetoa barua za baba yako kwenye sanduku. Ya mwezi wa kumi anaanza na salamu, na magoti yangu, na Pole amebadilisha ngozi, na kwamba Jumapili mlikula pamoja. Halafu chini kabisa, kama kitu kisicho na maana, ameandika: "Nimeomba chokaa, nikaletewa chokaa." Basi. Hakueleza. Mimi nilidhani ni utani wake, nikacheka, nikaikunja. Miezi minane sikuielewa. Juzi nikiwa juu ya ndoo ndipo nilipoielewa.

Hakuhitaji unga, mwanangu. Ukuta hakuuhitaji. Alikuwa ameniapisha usijue anaumwa, na hakuweza kukuambia njoo bila kukuambia kwa nini. Akatafuta kitu ambacho angeweza kukuomba wewe, kitu cha kazi yako, usichoweza kumnyima. Alikuwa anakuita.

Sikukuandikia haya yakuumize, ingawa najua yameumiza. Mimi mwenyewe nililia, nikakasirika naye, nikakasirika nawe, kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba likizo. Amenipa wiki mbili. Nitakuonyesha namna ya kumshika Pole asivunjike, na utaniuliza yote unayotaka kuniuliza, uso kwa uso, hata kwa kelele. Kisha utanipeleka alipolala kaka yangu.

Nafika Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Julai, basi la asubuhi, saa nne. Usimtume mtu kuja kunipokea. Njoo mwenyewe.

Shangazi yako.